Aliyepotea Aliomba Afutwe

Trésor amenenepa. Nilimkuta Beni, kwenye arusi ya binti wa mwenzetu wa kazi wa zamani, kule commune ya Ruwenzori, amekaa chini ya turubai na sahani ya sombe mapajani, tumbo limemtangulia, na mimi kwa huu mdomo wangu nikamwambia vile kabla hata ya salamu. Akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Ya Masika, dada mkubwa wangu, haujabadilika hata kidogo," alisema. "Ni ndoa hii. Bibi anapika, mie nakula, tutafanya je?" Tuliongea habari za watoto na za barabara, halafu muziki ulipopumzika akaniinamia sikioni. "Na ule mama wa mugomba, unamukumbukaka?" Nikanywa sucré yangu polepole. "Mama gani?" nikamuuliza. Alinitazama, nikamtazama, tukaangua kicheko wote wawili, kwa sababu hilo ndilo jibu tulilozoea kutoa enzi zile mtu akija kuuliza habari za mtu mwingine, na tulikuwa bado tunalitoa vizuri. Kisha machozi yakanijia, nikasingizia pilipili.

Tangu nirudi Butembo nikilala kidogo mchana nakiota kile chumba chetu cha kazi. Mtasema kumbukumbu ni kazi ya wazee, na mimi bado napanda ngazi bila kushika kiuno. Ni kweli, haijapita miaka mingi hivyo. Mais lakini kwetu mwaka mmoja unaweza kukuacha mtu mwingine, na ule uliniacha mtu mwingine, kwa hiyo nauita ujana wangu na yeyote asiyependa ashitaki. Chumba kilikuwa juu ya depo ya Papa Ramazani, mzee Mwislamu mwenye malori yaliyokuwa yakienda Beni na Kasindi na kurudi na kila kitu duniani. Sakafu ilikuwa ya mbao, na harufu za chini zote zilipanda kwetu: maharagwe ya Musienene kwenye magunia, sabuni, mafuta ya injini, chai ya tangawizi. Asubuhi ukungu uliingia kwa dirisha, ukakaa nasi kama mgeni asiyejua kuaga, na mimi nilifanya kazi nimejifunga kitenge mabegani nikisikiliza madereva wakigombana kule chini juu ya nani alale wapi na nani alimwambia nini bibi ya nani. Saa sita bibi ya Papa Ramazani alituletea bugali na maharagwe, siku nyingine mboga ya lengalenga na samaki wadogo wa sambaza. Ulipofika mwezi wa kufunga, chakula chetu kiliendelea kuja vilevile, na mzee alipanda mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha mlangoni. "Kuleni," alisema. "Mie niko nafunga, mais macho haifungi."

Kazi yetu ilikuwa hii. Shirika letu, dogo, la watu wa hapahapa, lilikuwa linaandika majina ya waliokimbia vita: waliotoka upande wa Beni, waliopanda kutoka Kanyabayonga, waliofika na godoro kichwani na waliofika bila godoro. Tuliandika ili wapate msaada, na ili ndugu waliopotezana waweze kutafutana. Kwa kuwa wengi hawakujua kuandika, kila mmoja alikubali kwa sauti. Tulimshikia simu karibu na mdomo akasema: mimi fulani, mtoto wa fulani, nakubali jina langu liwekwe. Donc kwa hiyo tulikuwa na sauti za watu wengi kuliko tulivyokuwa na sura zao. Kisha watu wakaanza kuogopa. Wakauliza majina yale yanakwenda wapi, nani anayaona, kama siku moja hayataangukia mikononi mwa wenye bunduki. Walikuwa na haki kabisa ya kuuliza. Tukaamua kwamba kila mtu anaweza kututumia message, kwa maandishi ao kwa sauti, aseme: muko na nini juu yangu? Nipatieni kopi. Rekebisheni. Futeni. Mwanzoni nilikuwa najibu mimi peke yangu, na message zilinizidi mpaka nikawa naota nimefunikwa na midomo.

Ndipo akaja Trésor. Mtoto wa Kinshasa, alifuata dada yake aliyepelekwa kwetu kufundisha, Kiswahili chake cha kuokota, Lingala mdomoni kila wakati, na alisikia baridi ya Butembo kama kwamba tulimfanyia makusudi. Alikuja kutuwekea programu ya kupokea maombi yale, kusikiliza, kuelewa mtu anataka nini, kuhakikisha ni yeye kweli, na kutenda. Siku ya kwanza alimwambia Papa Ramazani kwamba analeta conteneur, yaani kontena. Mzee akafurahi sana. Akaita vijana, akafanya nafasi uani, akauliza kama ilishapita douane, ushuru wa mpakani. Trésor akatoa mfukoni diski moja ndogo. Loo, ule mwaka mzima madereva hawakumwita kwa jina tena. Walimwita Bwana Conteneur. Mimi mwenyewe nilimwomba anieleze, akanieleza vizuri: ni programu iliyofungwa pamoja na kila kitu inachohitaji, kama mtu anayesafiri na jiko lake, sufuria yake na chumvi yake, hata umpeleke wapi atapika. Ukiizima inakufa, ukiiwasha inaamka vilevile, bila kumbukumbu yoyote ila kile kilichowekwa kando kwenye diski. Alikuwa ameivuta kwa internet ya hoteli moja Beni, inakatika karibu na mwisho anaanza tena, kisha akapanda nayo kwenye moto, ile pikipiki ya kukodi, hadi kwetu, ameikumbatia chini ya koti.

Tuliiita Karani. Asubuhi alipoiamsha, kitaa kidogo cha kijani kikawaka kwenye mashine, mimi nikaitumia message kwa simu yangu kuijaribu, ikanijibu kwa sauti laini: "Ningependa kukusaidia. Tafadhali nieleze ombi lako." Ee Mungu wangu, tulicheka! Iliongea kama Biblia. Mama mmoja wa Musienene alipiga akauliza kama sisi siku hizi tuko na mchungaji wa Tanzania. Donc wiki zilizofuata kazi yangu ilikuwa kuifundisha lugha ya nyumbani. Trésor aliandika, mimi nikasema: hapana "ungependa", weka "unataka nini, mama?" Hapana "tafadhali subiri", weka "ngoja kidogo, niko naangalia." Ikasikia Kinande cha salamu, ikajua kujibu "wasingya", asante yetu. Watu wakaizoea. Mwanamke mmoja aliomba tumpunguzie miaka. Karani ikamuuliza alizaliwa lini kweli, naye akakasirika akaikatia. Mambo yaliyo wazi iliyamaliza yenyewe. Ya mashaka iliyaleta kwangu, na kwenye kioo cha mashine yangu yakatokea maneno ambayo mimi mwenyewe niliyachagua: Masika, hii inataka mtu.

Sasa nifike kwa mama yule wa mgomba. Nitamwita Kahindo, na si jina lake. Akina Kahindo ni wengi kwetu. Simama sokoni Musienene uite, utaona vichwa vinavyogeuka. Alikuja kila siku ya soko, kiatu kimechafuka na udongo mwekundu, akaketi kwenye kile kiti cha mlangoni. Bwana yake, nitamwita Kambale, alikuwa ameshuka kwenye mashamba ya kakao upande wa Beni kuvuna, watu wa pori wakaingia, na tangu siku hiyo hakuonekana, si mzima si maiti. Kahindo alitaka kitu kimoja tu: ile sauti. Alijua kwamba walipojiandikisha kwetu, Kambale alisema maneno yake kwenye simu kama wote. "Mie hapana taka feza, hapana taka magunia," aliniambia. "Nataka nimusikie." Alikuwa amekwisha kuiomba Karani, na Karani ilimjibu kama ilivyofundishwa: haiwezi kumpa mtu habari za mtu mwingine, mwenyewe aombe kwa namba yake. Alinichezea jibu lile kwenye simu yake, ile sauti laini. "Mwenyewe aombe," alisema. "Unasikia? Mwenyewe aombe!" Nilimpa chai. Sikuwa na kingine cha kumpa, na nilijichukia.

Halafu akanieleza kilichokuwa kinamharakisha. Katika ukoo wao, mtu asiyepatikana mwili hawamwachi hivihivi hewani. Wanakata shina la mgomba lenye urefu wake, wanalifunika shuka, wanalilia usiku na mchana, wanalizika. Na mke ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Baada ya hapo mtu huyo amekufa, kwa Mungu na kwa watu, na mke huvua jina lake. Kaka mkubwa wa Kambale, nitamwita Paluku, alikuwa ameshasema mgomba utakatwa mvua ikipungua. "Mie sijue kulia ya uongo," Kahindo alisema. "Kama alikufa nitalia, batanishikilia watu wane. Mais kama eko? Nitatupia bwana yangu udongo na eko muzima?" Kule chini dereva mmoja alikuwa anaimba, akaimba kwa furaha kabisa, na sisi tulikaa tunamsikiliza.

Mvua ilikuwa inaanza kupungua kweli siku ile kioo changu kilipowaka: Masika, hii inataka mtu. Nikafungua. Ombi lilikuwa fupi. Futa kila kitu changu. Namba ilikuwa ya Kambale.

Nilisoma nikainuka, nikaketi, nikasoma tena. Ukungu ulikuwa bado chumbani, na kwa muda sikujua kama nilikuwa macho. Nilimwita Trésor, akaja na kombe la chai, akasoma, akasema "Mama na ngai," yaani mama yangu, na chai ikamwagika kwenye mbao. Jambo la kwanza tulilolifikiri wote wawili lilikuwa baya. Kwetu simu ya marehemu haifi naye. Inakwenda kwa mkubwa wake, na mara nyingi ndani yake namba ni ileile. Donc tulisema ni Paluku. Amechoka kungoja, anataka kumfuta mdogo wake mpaka kwetu, mama asibaki na kitu cha kushikilia. Nilikasirika vibaya sana, nilimwita Paluku majina mabaya mpaka bibi ya Papa Ramazani akapanda kuuliza kama ni salama. Mais Karani ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Ilimwomba mwenye namba aseme kwa sauti jina lake na la mama yake, ikalinganisha na sauti ya zamani, ikaandika kwamba zinafanana, ila kelele ni nyingi, mtu asikilize. Trésor akaziba dirisha kwa gunia. Tukacheza ya zamani: "Mimi," ikasema, kisha pumzi fupi kama mtu anayepanda kilima, "Kambale." Tukacheza mpya. "Mimi." Pumzi ileile. "Kambale." Niliweka mkono mdomoni. Alikuwa mzima.

Sasa fikirini. Mtu huyu yuko, na anaomba afutwe, na hiyo ni haki yake. Ndiyo maana tuliiweka Karani. Hakuomba tumwambie mtu. Labda anajificha kwa wenye bunduki, labda anajificha kwa bibi yake. Na bibi yake anakaa kwenye kiti changu kila siku ya soko, na mgomba umeshachaguliwa. Kanuni yetu ilikuwa kungoja siku chache kabla ya kufuta, mtu akibadili wazo, na siku zilikuwa zinakwenda. "Tumwambie mama," nilisema. Trésor alitikisa kichwa. "Te, hapana, Ya Masika. Tukisema leo kwa mama, kesho tutasema kwa soda, kwa askari mwenye bunduki. Na huyu mutu, kama banamutafuta, ni sisi tutamuua." "Na tukinyamaza, mwenzangu anazika bwana mzima!" Nilipiga meza. Aliniacha nipige. Nilimchukia siku ile, kwa sababu alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki, na chumba kilikuwa kidogo kwa haki zote hizo. Tulikula bugali tumepeana migongo. Papa Ramazani, ambaye hakuwa anajua lolote na hakuuliza, alitutazama, akala nasi, akashuka.

Alasiri, mvua ikipiga bati, wazo likanijia, nalo lilikuwa dogo mpaka nikaona haya kulisema. Tulikuwa tunabishana juu ya mtu kama kwamba hayupo, na yeye yuko, ana simu mkononi. "Tumuulize mwenyewe," nilisema. Karani isimwambie ni nani. Imwambie tu, kabla ya kumfuta: kuna mtu mwenye kukutafuta kwetu. Unataka tumuambie kitu, ao tunyamaze? Akisema tunyamaze, tutanyamaza, na mimi nitakula huzuni yangu. Trésor akasugua kichwa. "Hiyo ni nzuri," alisema mwishowe, na kwa mtu wa Kinshasa kukusifu hivyo bila kuongeza neno, jua ameshindwa. Mais Karani haikujua kuuliza swali kama hilo. Ilibidi Trésor aandike, afunge kifurushi kipya, kile cha zamani akizime na kipya akiwashe, na mawingu yalikuwa yamelala siku nzima juu ya vile vibao vya jua kwenye paa. Alifunga. Alizima. Kitaa cha kijani kikafa. Akawasha kipya, na katikati ya kuamka betri zikaisha. Chumba kikawa cheusi mchana, na yeye akabaki amekaa mikono juu ya meza. Nilishuka ngazi mbio, nikamkuta Papa Ramazani anahesabu tasbihi. "Papa, tunaomba groupe." Ile groupe ya umeme aliipenda kuliko malori. "Ni kwa conteneur?" aliuliza. "Ni kwa mutu, papa." Akainuka mwenyewe akaivuta, ikatoa moshi, ikanguruma, na kule juu nikasikia Trésor anapiga kelele kwa Lingala kwamba swali limekwenda.

Jibu lilikuja asubuhi iliyofuata, kwa sauti. Karani iliandika maneno yake chini, kama kawaida, mais tulisikiliza kwa masikio. "Ni bibi yangu," ilisema, "najua ni yeye, hakuna mwengine. Mumusikilizishe hii, yeye peke, kisha mufute. Namba musimupe. Kahindo. Niko. Bale batu balinibebesha mizigo yao mu pori, nikatoroka. Sasa basoda ya serikali wakinikamata watasema nilikuwa mwenzao. Waache bazike mugomba. Ni vizuri. Mutu mwenye kuzikwa, hakuna mwenye kumutafuta. Usiambie hata Paluku, hajue kuficha uso. Nilitaka ujue tu. Usinikasirikie." Nyuma ya sauti palikuwa na kuku, na mtu wa kukohoa, na mvua ya mbali.

Kahindo alifika siku ya soko. Nilimfungia mlango, nikaondoa mzigo wangu kwenye kiti kizuri, nikamwambia tu kwamba kuna sauti kwa ajili yake, asikilize, na kwamba itasikika hapa na hapa tu. Alisikiliza kichwa kimeinama. Ilipofika kwa jina lake alishika kingo za meza, na hakulia; alianza kucheka, kicheko kidogo cha puani, kama msichana aliyechokozwa kanisani. "Rudisha," alisema. Nikarudisha. Safari hii alikuwa amefumba macho. Mara ya tatu hakutaka maneno. Alitaka pale mwishoni, penye kikohozi. Nikamchezea kikohozi, akainua kidole, akasikiliza kama mtu anayeonja mchuzi, na uso wake ukafunguka wote. Sikumuuliza na hakuniambia. Karani iliandika kila neno la message ile, kikohozi haikukiandika. Alikuwa amejua ni kifua cha nani, na kwa hiyo amejua ni nyumba ya nani, na mimi mpaka leo sijui na ninashukuru. Kisha nikafuta mbele yake, kama bwana yake alivyoomba: ile sauti, na ile ya zamani aliyoitamani miezi yote ile, na jina. Alitazama kioo kikibaki kitupu. "Wasingya," alisema. Akafunga kitenge chake upya. "Na mie sasa. Munifute."

Nilimweleza kwamba akifutwa hatapata zamu yake ya msaada, kwamba akija mtu mwingine baadaye hatamjua, kwamba siku akitaka kurudi ataanza kama mgeni. Nilieleza kwa urefu, na ukweli ni kwamba sikutaka aende. Nilikuwa nimemzoea, na kiti kile bila yeye nilikionea uchungu mapema. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. "Dada Masika," alisema, "mie sikukuja hapa juu ya zamu." Akatoa simu yake, akaitumia Karani ombi kwa sauti yake mwenyewe, na Karani ikamuuliza kwa ile lugha niliyoifundisha: "Uko na uhakika, mama?" "Niko nayo," alisema. Alishuka ngazi. Nilimtazama kwa dirisha akipita katikati ya malori, akakunja kona, na ukungu ukammeza, na siku za kungoja zilipokwisha nikabonyeza ndiyo.

Baada ya hapo alikuja Paluku. Nilijua ni yeye kabla hajasema, kwa jinsi alivyosimama mlangoni kofia mkononi, mtu mkubwa mwenye mabega ya kubeba, na hasira yote niliyokuwa nimemwekea ikakosa mahali pa kukaa. Alikuwa amelia. "Madame, namutafuta shemeji yangu," alisema. "Alikuwa nakuya huku. Ameondoka na batoto, hakusema kwa mutu." Nilimgeuzia kioo, nikamwandikia jina mbele yake, likatoka bila kitu. Akalitazama lile tupu. "Na mudogo wangu?" Nikaandika la pili. Tupu. Akaketi bila kukaribishwa, kwenye kile kiti. "Mie niko mukubwa yao," alisema. "Nilitaka apumzike. Kila usiku mama yetu anauliza, eko wapi, eko wapi. Shimo tulishachimba. Mugomba tulishakata. Sasa mwenye kutupa udongo hayuko, bazee wanagombana. Niambie wewe mwenye kujua kuandika watu. Nizike ao nisizike?"

Nilimtazama, na neno lilikuwa pale, nyuma ya meno yangu. Yuko. Neno moja tu, na ule uso ungefunguka kama wa Kahindo ulivyofunguka. Trésor alikuwa ameacha kuandika. Nikawaza uso ule ukifunguka sokoni, kanisani, mbele ya soda yeyote anayejua kusoma nyuso. "Muzike, papa," nilisema. "Mumupumzishe." Akaitikia kwa kichwa, akaficha macho kwa kofia. Nikasikia mdomo wangu unaendelea wenyewe: "Na kama bazee wanakubali, nitakuya mie nitupe udongo."

Wazee walikubali, wakisema mtu wa bureau, wa ofisi, ni kama serikali. Trésor alinipeleka kwa moto hadi Musienene, akabaki nyuma ya watu kwa kuwa hakuuamini uso wake. Shuka lilikuwa jeupe, mgomba umelazwa kwa adabu, mama mzee ameshikwa huku na huku, na Paluku akanipa udongo mkononi yeye mwenyewe. Niliutupa. Nilikuwa nimejiandaa kujikaza, na badala yake nikalia kwa sauti, kwa furaha iliyokuwa inanipasua kifua na nisiyoweza kumgawia hata mmoja wa wale watu, mpaka wanawake wawili wakaja kunishika. Mmoja akaniuliza kwa upole, kwa Kinande, kama nilikuwa dada ya marehemu. Nikasema ndiyo, na tukaendelea kulia pamoja, mimi na wao, juu ya mtu ambaye sijamwona mpaka leo.